Kadi Yenye Miba

Kadi ya mchango ilifika juzi. Mpwa wangu anaolewa, na nusu saa nzima nikawa sijui anaolewa na nani.

Nyumbani wakakimbilia kusema miwani. Miwani haina kosa! Kadi imechapwa kwa zile herufi nyeusi za Kigothi, za kwenye vyeti vya kuhitimu: kila mguu umesimama wima kama mti wa wigo, kila ncha imechongoka kama mwiba wa mchongoma. Chukua neno “muumini”. Kwa mwandiko huo ni vijiti 14 vilivyopangwa mstari, na msaada wako ni nukta mbili tu. Hata hizo nukta tuwashukuru waandishi wa kale wa Ulaya, ambao walipotea wenyewe humo wakaanza kuitia “i” alama kichwani.

Jina la bwana harusi ndilo limenimaliza. Limeandikwa lote kwa herufi kubwa! Herufi kubwa za mwandiko huu kazi yake ni kutangulia neno, kama mwenyekiti mbele ya wajumbe. Ukipanga wenyeviti watupu, kikao hakiendi.

Nikamfuata kijana wa steshenari aliyezichapa.

“Mzee, hii inaleta hadhi,” akaniambia. “Hata magazeti makubwa ya Marekani wanaitumia.”

Kweli, The New York Times wanaitumia, lakini kwenye jina la gazeti tu, juu kabisa. Habari zenyewe wanaandika kwa herufi za kusomeka. Hiyo ni kofia, kijana. Wewe umenishonea kanzu nzima kwa kitambaa cha kofia.

Akaleta habari za Gutenberg, kwamba Biblia yake ya miaka ya 1450 kule Mainz, Ujerumani, aliichapa hivyohivyo. Sawa, lakini wasomaji wake walikuwa wamezoea mkono wa watawa. Mimi nimezoea ubavu wa daladala. Wajerumani wenyewe waliokaa na ndugu za herufi hizo kwa karne nyingi, serikali ya Hitler iliwaamuru waziache Januari 1941. Na waraka wa kuzipiga marufuku ulitoka na kichwa cha barua kilichochapwa kwa herufi zilezile! Kumbe ukishaziingiza nyumbani, hata barua ya kuzifukuza zitaibeba zenyewe.

Nikarudi kwenye kadi. Ukumbi sikuuona. Saa sikuiona. Lakini chini kabisa, kwa herufi nene, nyoofu, ambazo hata kipofu angezipapasa, ipo namba ya simu ya kutumia mchango, kiwango cha chini, na tarehe ya mwisho.

Nikampigia mpwa wangu kumuuliza kulikoni pale mwandiko umebadilika.

“Ah, mjomba,” akasema, “hapo kamati iliogopa watu wasije wakakosea.”