Mkono Unaopaka: Jaribio la Kuainisha Vipodozi vya Qurayyat

Wataalamu waliotangulia waliainisha vipodozi kwa jinsi vinavyotumika: vya kupaka, vya kujipulizia, vya kufukiza na vya kutia machoni. Mpango huo unamfaa mwenye duka anayetaka kupanga rafu. Kwa mtu anayetaka kujua kipi kitamfikisha harusini na kipi kitamfikisha wodi ya figo, haumsaidii kitu, maana unaweka pamoja maji ya waridi na zebaki, kisa vyote hupakwa usoni.

Wanakemia nao wana mpango wao wa majina marefu. Ni mpango sahihi, ila una kasoro moja: hakuna mtu aliyewahi kuingia duka la Qurayyat akaomba zebaki ya amonia. Anaomba ile krimu anayopaka mke wa mdogo wake.

Makala hii inapendekeza mpango wa tatu: vipodozi vigawanywe kwa mkono unaovipaka. Hoja yenyewe ni kwamba kemikali ina sura mbili za ukali. Ya kwanza iko ndani ya kopo na hupimwa maabara. Ya pili ni ugumu wa kuikataa, na hiyo haina mizani. Mtafiti, ambaye ofisi yake ni baraza na maabara yake ni masikio, ameamua kuishughulikia ya pili bila kuidharau ya kwanza.

Kuhusu eneo la utafiti: Qurayyat ni mji wa wavuvi ulioko kusini mashariki mwa Muscat, ambapo jodari na nguru wana heshima kuliko wageni wengi. Mwaka 1507 Mreno Afonso de Albuquerque aliuchoma moto. Tangu hapo kazi ya kuunguza imeachiwa jua, nalo halijazembea: tarehe 26 Juni 2018 joto la hapa halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, rekodi ya dunia kwa kiwango cha chini cha joto cha siku nzima. Takwimu hii imewekwa kwa sababu ya kisayansi. Zebaki tupu ikitolewa kwenye nyuzi 20 na kupelekwa kwenye nyuzi 40, mvuke wake huongezeka takriban mara tano. Msomaji ambaye krimu zake huishi ndani ya gari aendelee kusoma.

Jamii ya kwanza: vya mkono wa mwenyewe

Hivi ni vile mtu anavyojinunulia na kujipaka, akigombana na kioo chake tu. Manukato ya chupa, rangi ya mdomo, dawa ya kwapa. Mtafiti hana mengi ya kusema hapa. Sheria inamruhusu mtengenezaji wa manukato kuficha vitu kadhaa nyuma ya neno moja la harufu. Umoja wa Ulaya uliona hilo mwaka 2003 ukaamuru vitu 26 vinavyochokoza mzio vitajwe kwa majina, na mwaka 2023 orodha ikavuka 80. Mwenye ngozi inayowasha ana haki ya kusoma lebo, na mwenye macho mabovu ana haki ya miwani. Jiwe la shabu, ambalo wazee bado wanajisugulia makwapani na kulisifia kana kwamba wamelichimba wenyewe, nalo limo humu. Ubora wa jamii hii ni mmoja: ukiona kipele, unaacha, na hakuna anayenuna.

Jamii ya pili: vya mkono wa mtu mzima

Hapa hatari inaanza kuwa na adabu. Jamii hii inakusanya kila kitu mtu anachopakwa na mwingine ambaye hawezi kumwambia hapana: bibi, shangazi, somo anayemfunda bibi harusi, mchoraji wa hina. Anayepakwa huwa amelala, ameketi chini au hajatimiza siku 40 tangu azaliwe.

Aina iliyo kongwe ni wanja. Mtoto mchanga hutiwa machoni na kuchorwa nyusi ili awe na macho mazuri na ili hasadi impite. Mwaka 1998 watafiti waliochunguza wanja zinazotumika Oman walichapisha matokeo yao katika jarida la dawa za asili. Waligundua kuwa weusi ule mmoja unaficha vitu tofauti kabisa. Baadhi ni kaboni, yaani masizi. Baadhi zina oksidi ya zinki. Nyingine ni galena, jiwe linalong'aa ambalo ni risasi iliyoungana na salfa. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, na muuzaji naye mara nyingi hawezi.

Mtafiti aliliwasilisha jambo hili barazani. Bi mkubwa mmoja akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, wewe ulitiwa wanja?"

"Nilitiwa, bibi."

"Sasa umekufa?"

Hoja hii ndiyo ngome kuu ya jamii ya pili, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Risasi haiui mtoto mbele ya wageni. Mwili unaichukua kama chokaa, unaiweka mifupani na kuiacha ipite kwenye ubongo unaokua. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na mtoto aliyetiwa wanja hufanya kila awezalo aimeze: anajifikicha macho, kisha anatia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama. Kinachopotea ni akili kidogo na utulivu kidogo, vitu ambavyo hakuna mtu aliyevipima kabla, kwa hiyo hakuna anayekuja kuvidai. Ndiyo maana mtafiti hakuweza kumthibitishia Bi mkubwa kwamba yeye mtafiti angekuwa na akili zaidi asingetiwa wanja. Baraza zima liliona kwamba ushahidi unaelekea upande wa Bibi.

Ndugu wa wanja ni bint al-dhahab, binti wa dhahabu, unga wa rangi ya manjano hadi machungwa ambao katika Oman na Falme za Kiarabu ulitumika kumsafisha mtoto tumbo. Uchunguzi wa madini uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa ni oksidi ya risasi. Si kipodozi, na wakali wa uainishaji watalalamika. Mtafiti ameuingiza kwa sababu unatoka kwenye sanduku lile lile, kwa mkono ule ule, na kwa nia ile ile njema.

Kisha hina. Hina yenyewe, yaani majani ya mhina yaliyosagwa, haina kesi ya kujibu: inatoa rangi ya machungwa inayokomaa kuwa ya hudhurungi, na inataka saa kadhaa. Lakini usiku wa kuamkia Idi hakuna mwenye saa kadhaa. Hapo ndipo inapoingia ile nyeusi, ambayo pwani ya Zanzibar na Mombasa tunaiita piko, inayoshika kwa dakika na kung'aa kama wino. Weusi huo kwa kawaida hutokana na parafenilinidiamini, dawa ya kutia nywele rangi. Ulaya inairuhusu kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na haiiruhusu kabisa kuchorwa kwenye ngozi. Bibi harusi wa Unguja au wa Qurayyat hupakwa kwenye ngozi, mikono miwili na miguu miwili, bila mtu kupima asilimia.

Baadhi ya maharusi huamka na malengelenge yaliyofuata ua kwa usahihi wa kusikitisha, jani kwa jani. Hayo yatapona. Mzio wenyewe hauponi: mwili ukishaijua kemikali hii, unaikumbuka maisha yote. Miaka 20 baadaye, siku mama huyo atakapoamua kuficha mvi kwa rangi ya dukani, uso utavimba na hakuna atakayekumbuka harusi. Huko Sudan, ambako dutu hiyo huuzwa kama jiwe, hospitali za Khartoum zimewapokea watu walioimeza wakiwa wamevimba koo, misuli imevunjika na figo zimesimama.

Somo hajui haya. Anajua kwamba bibi harusi wa jana alikuwa mweusi tii mikononi na watu walishangilia. Kumwambia somo asipake piko ni kumwambia imamu afupishe sala. Inawezekana, lakini uwe na sababu na uwe na umri.

Jamii ya tatu: vya mkono uliofunga mzigo

Hii ndiyo jamii ambayo mtafiti aliikusudia tangu mwanzo, akawa anaizunguka. Ni vipodozi visivyo na duka. Vinatoka ndani ya sanduku la mtu aliyerudi safari, Dar es Salaam, Karachi au Bangkok, vimefungwa kwenye kanga ili visivunjike, na vinagawiwa sebuleni kama zawadi. Zawadi haina risiti, na mgeni hulishwa kabla ya kuhojiwa.

Kinara wao ni krimu ya kung'arisha, na mwanawe mkorogo, ambao ni krimu tatu au nne zilizochanganywa kwenye bakuli na mtu asiye na leseni ila mwenye wateja. Ndani huwa na mojawapo ya vitu vitatu au vyote kwa pamoja: haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu huacha madoa ya buluu na meusi pale pale palipotakiwa weupe, steroidi kali, zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika, na zebaki.

Zebaki inafanya kazi kweli, na hili lazima lisemwe. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na ngozi inapauka. Kisha inapita kwenye ngozi, inashuka kwenye figo na kukaa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu watu wazima 60 walioingia hospitali wakiwa wamevimba, figo zao zikivujisha protini kwenye mkojo. Asilimia 53 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki ya amonia kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 10.

Hapa mvuvi mmoja, Ami wa upande wa pwani, aliinua pingamizi. Alisikia redioni kwamba jodari ana zebaki. "Basi mnatuogopesha na samaki wetu," akasema, "halafu wake zenu wanajipaka?" Mtafiti alikwenda kupiga hesabu, na hesabu imempa Ami ushindi. Ulaya inamruhusu jodari kuwa na miligramu moja ya zebaki kwa kilo, yaani sehemu moja kwa milioni. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kupewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilitia zebaki baharini na wavuvi wakalemaa, uliiwekea krimu kikomo hicho hicho: sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama ziliamua hata hiyo moja iondoke ifikapo 2025. Zebaki ya amonia ni zebaki kwa kiasi cha nne kwa tano. Kwa hiyo krimu ya wagonjwa wa Nairobi ilikuwa na sehemu 40,000 hadi 80,000 kwa milioni. Kweli, ya samaki ni aina nyingine, yenye kupenda ubongo kuliko figo, na mjamzito ana sababu ya kutompenda sana nguru. Lakini jodari alilishwa na bahari bila kuulizwa, na hakuna aliyemwambia kuwa atapendeza.

Sheria si haba. Tanzania imepiga marufuku viambato hivi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Oman ina Mamlaka ya Kulinda Walaji, iliyoundwa mwaka 2011. Wakaguzi wanaingia madukani, nao wanafanya vizuri. Sebuleni hawaingii, na mtafiti asingependa waingie, kwa kuwa ana shangazi watatu.

Jamii ya nne: visivyohitaji mkono

Udi na ubani viko hapa, maana ukishawasha chetezo kila aliyemo chumbani amepakwa. Moshi ni moshi hata ukinukia. Mwenye pumu anajua, na anakaa karibu na mlango.

Ila jamii hii imeuvunja mpango wote. Mwaka 2010, huko California na Virginia, wakaguzi wa afya walipima familia ambazo baadhi ya watu wake walipaka krimu zenye zebaki kutoka Mexico. Walikuta zebaki kwenye mkojo wa jamaa ambao hawakuipaka hata siku moja, watoto wakiwemo. Ilikuwa imetembea yenyewe: kwa taulo, kwa mto, kwa shavu lililobusiwa, kwa hewa. Basi zebaki ni ya jamii ya tatu inapoingia nyumbani na ya nne ikishafunguliwa. Na mama akimpakata mwanawe ni ya pili. Mtafiti anakiri aibu hii ya kitaaluma na anawaachia vijana waitatue.

Ya kutambulisha

Msomaji atataka alama. Kopo lisilo na orodha ya viambato lina jambo. Lenye orodha litafutwe majina haya: mercury, mercurio, mercuric, calomel. Yakikosekana, kuna alama moja ambayo Shirika la Afya Duniani linaitaja na ambayo mtafiti anaipenda kuliko zote. Baadhi ya krimu za zebaki huonya kwa maandishi madogo kwamba zisiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira. Sababu yake ni ya kikemia: zebaki huila dhahabu na kuigeuza nyeupe. Katika nchi ambayo mahari yanavaliwa mkononi, onyo hilo limesomwa na limetiiwa. Bangili zinavuliwa, zinahesabiwa, zinafungiwa kabatini, na ndipo krimu inafunguliwa.