Radi Sijaiona, Nauli Nimeiona

Shemeji yangu wa Dar es Salaam anafanya kazi na wanunuzi wa korosho, na kwa kuwa korosho zetu ghafi nyingi huishia India na Vietnam, mabosi wake wakamtuma Ho Chi Minh City. Aliporudi akawa profesa. Ukimpigia simu kumjulia hali, unapewa Vietnam. Kule, anasema, pikipiki ni mamilioni, na barabara haivukwi kwa kusubiri nafasi kwa sababu nafasi yenyewe haiji. Unashuka barabarani, unatembea polepole, hukimbii, husimami, wala hurudi nyuma. Waendesha pikipiki wanausoma mwendo wako, wanakupita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Ukishtuka ukaruka, umekwisha.

Basi bingwa huyo, aliyevuka barabara za Ho Chi Minh na begi la sampuli za korosho mkononi, akaja kututembelea Kaoze na akapotea Sumbawanga. Mchana kweupe.

Mimi simlaumu, nawalaumu waliompa maelekezo. Kabla hajaondoka Dar ofisi nzima ilimkalisha kitako. Asiokote hela barabarani. Asibishane na mzee. Asikatae chakula, na asikubali chakula. Asiguse mke wa mtu (hili nadhani angeambiwa hata angekuwa anakwenda Morogoro). Na asisahau kuwa Sumbawanga radi inapiga hata kama hakuna wingu. Mtu anasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kichwa kimejaa wachawi, halafu hakuna hata mmoja aliyemwambia abebe koti.

Niseme ukweli wangu. Nakaa huku Kaoze, bondeni, na Sumbawanga napanda kila ninapobanwa: benki, hospitali, kifaa cha pampu, muhuri wa karatasi fulani ambayo haigongeki popote pengine. Umri wangu wote radi ya kutengenezwa haijanipata. Nauli ya kutengenezwa inanipata kila nikishuka stendi. Na hizo habari za wachawi kuruka na ungo ningeomba watu wazifikirie vizuri. Kama usafiri huo ungekuwepo kweli, nani angekubali kupanda Noah kiti cha watu wawili mkae wanne, goti la mtu likiwa kwenye mbavu zako kuanzia chini ya mlima mpaka juu?

Kwa hiyo mgeni wangu, achana na ya ungo. Sikiliza ya maana.

Koti kwanza. Ziwa Rukwa na kata zetu za bondeni ziko chini kabisa, kwenye kimo cha mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga iko juu ya mita 1,700. Katikati imesimama milima ya Lyamba lya Mfipa, na gari linaupanda huo ukuta wote kwa gia namba moja, ama kwa njia ya Kalambanzite ama kwa ile inayotokea Muze kwenda Ntendo. Masika njia zote mbili zina tope lake, usiulize ipi nzuri, uliza ipi imepita gari jana. Unaondoka huku shati limegandana na mgongo kwa jasho. Ukifika juu, lile jasho linageuka barafu. Juni na Julai usiku nyuzi joto zinashuka chini ya 10, na wenyeji wanakutazama ulivyovaa kandambili na fulana ya kampeni, wanakuuliza kwa upole kabisa, “Umetoka bondeni, eh?” Kwenye mitumba makoti yapo, tena mazuri, ila ukienda kununua huku unatetemeka usitegemee kupunguziwa bei. Muuzaji anaiona shida yako inacheza kwenye meno.

Anayetoka Dar naye anakuja kwa njia ya Mbeya na Tunduma, na siku hizi anateleza kwenye lami. Wazee wanaokumbuka Tunduma hadi Sumbawanga ya enzi za vumbi na matope wakikusikia unalalamika juu ya kiti wanakucheka waziwazi. Lami ile ilijengwa kwa fedha za Wamarekani, ule mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa mwaka 2008. Na tangu mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku, unaweza kushushwa Sumbawanga saa ambayo hata jogoo hajapanga ratiba yake.

Sasa stendi. Stendi kuu iko Katumba Azimio, siyo katikati ya mji, na hapo ndipo biashara ya mgeni inapoanza. Basi halijasimama, bodaboda wameshagawana abiria kwa macho. Wanasoma viatu. Wanasoma begi: begi la magurudumu likiburutwa kwenye changarawe ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Wanasoma simu pia, maana mwenyeji akishuka kwenye basi anaangalia mzigo wake, mgeni anaangalia ramani. Shemeji yangu alikuwa na vyote vitatu. Kwanza alifungua programu ya kuitia pikipiki, ileile iliyomtembeza Dar mpaka akasahau kutumia miguu. Ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Wakati huo vijana sita wa pikipiki wamesimama mbele yake wanamsubiri amalize.

“Bosi, twende?”

“Mjini shilingi ngapi?”

“Tutaelewana tu.”

Hapo mgeni ndipo anapoachia roho. “Tutaelewana” ni maelewano ya upande mmoja na yanafanyika mwisho wa safari, ukiwa umeshashuka, begi lako likiwa bado kwenye mapaja ya dereva. Bei itajwe kabla mguu haujavuka kiti. Itajwe kwa sauti, mbele ya watu. Na usiulize “shilingi ngapi”, maana anayeuliza amekiri kwamba hajui. Wewe sema, “Nina buku, tunakwenda?” Atacheka, ataapa kwa mama yake kuwa mafuta yamepanda, atageuza pikipiki kama anayeondoka. Mwache ageuze. Akishafika mita kumi atarudi. Asiporudi, basi umekosea bei, mwite. Na akikwambia mpande mshikaki, wewe katikati na mama mwenye gunia la vitunguu nyuma, kataa kwa heshima. Vitunguu ndivyo vitakavyopewa nafasi nzuri.

Mbinu ya Vietnam nayo tuliijaribu. Shemeji alitaka kunionyesha. Akashuka barabarani, polepole, bila kusimama, bila kurudi nyuma, uso umetulia kama padri anayekwenda altareni. Bodaboda wa kwanza akafunga breki mbele yake: “Mzee, wapi?” Wa pili akafunga ubavuni. Wa tatu akapanda ukingo wa barabara kuwahi upande wa pili. Kule pikipiki zinakukwepa, huku zinakufuata. Mtu akitembea polepole katikati ya barabara Sumbawanga, maana yake anatafuta usafiri, na watu wetu ni wema, hawawezi kumpita.

Tukisharidhika na usafiri tunaingia kwenye kuelekezwa, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoteseka.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima iliwekewa anwani za makazi. Nguzo zikasimikwa, mitaa ikaandikwa majina kwenye vibao, nyumba zikabandikwa namba. Nilifurahi kuliko watu wote. Nikasema sasa basi, nitakwenda Sumbawanga kama mtu wa Ulaya, natamka mtaa, natamka namba, nafikishwa mlangoni. Siku ya kwanza nikamtajia bodaboda jina la mtaa na namba ya nyumba. Akanitazama sana. “Mzee,” akasema, “wewe ni wa sensa?” Nikamwonyesha kibao, tulikuwa tumesimama chini yake. Akakisoma kama anayesoma habari ya kifo cha mtu asiyemjua. “Sawa,” akasema, “lakini ni karibu na nini?”

Sumbawanga hukai mtaa, unakaa karibu na kitu. Karibu na kanisa, karibu na mashine ya kusaga, karibu na Uwanja wa Mandela. Hiyo ingekuwa nafuu kama vitu vyenyewe vingekuwepo. Nilikuwa namtafuta fundi wa pampu huko Majengo, nikamuuliza mama mmoja anayechoma mahindi. Nilianza na salamu, kwa sababu hapa usipoanza na salamu utaelekezwa vizuri sana, lakini kwingine. Shikamoo kwa mkubwa, na kama ni mzee wa Kifipa hasa, piga makofi taratibu na uiname kidogo. Utaona uso unavyofunguka. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, za huko bondeni. Halafu ndipo nikatoa shida yangu.

“Nyoosha na hii,” akasema, akionyesha kwa gunzi. “Ukifika kwa Mangi kata kushoto. Siyo Mangi huyu wa sasa, yule wa zamani.”

“Yule wa zamani bado yupo?”

“Alihama.”

“Sasa duka lake nitalijuaje, mama?”

“Si limefungwa?” Akanigeuzia hindi, akaona mimi mzito. “Halafu mbele utaona palipokuwa na mkaratusi.”

“Ulikatwa?”

“Siku nyingi. Hapohapo, ulizia.”

Nikaondoka. Natafuta Mangi aliyehama na mti uliokatwa. Cha kushangaza ni kwamba nilifika, kwa sababu kila niliyemuuliza njiani alimjua Mangi yule, aliukumbuka mkaratusi ule, na mmoja alinisimulia hadi siku ulipoangushwa ukalalia ukuta wa mtu. Mji huu ukitaka kuuzunguka lazima uwe na kumbukumbu, na kama huna unaazima za wenzio. Simu yenye ramani haina kumbukumbu hizo. Cha uhakika machoni ni safu ya Mbizi tu: ile milima iko upande wa bonde, haihami, haikatwi kirahisi. Ukipotea kabisa, itafute kwanza, ujue angalau nyumbani kwako kuko wapi.

Kuhusu umbali sitasema mengi. “Hapo tu” ni mwendo wa kuchosha. “Mbele kidogo” beba maji. Wakikwambia “ni mbali, panda pikipiki”, mpigie unayemfuata aje yeye.

Gesti zipo za kila bei, na karibu zote mlangoni pameandikwa kuwa maji ya moto yapo. Niliuliza mapokezi, dada akajibu, “Yapo.” Asubuhi nikafungua bomba la alama nyekundu, yakatoka maji ambayo nadhani yalilala juu ya Mbizi. Nikarudi mapokezi na taulo. “Dada, ulisema yapo.” “Yapo, baba. Ukisema jioni tunayachemsha.” Kwa hiyo jioni sema. Sema saa unayotaka na sema ndoo ngapi. Chakula sina lawama: mama ntilie wa Sumbawanga anakupa ugali na mgebuka kutoka Ziwa Tanganyika, na maharage ambayo hayajaharakishwa. Lawama yangu ni moja tu: wali. Mpunga tunalima sisi huku bondeni, tunauuza gunia kwa bei ya kutia huruma, halafu tunapanda mlima kwenda kuununua umepikwa, kisahani kidogo, bei imepanda mlima kuliko sisi.

Sasa kurudi. Magari ya bondeni, kila mpiga debe atakwambia limebaki la mtu mmoja. Unachungulia: kweli, Noah imejaa, vichwa vimebanana, dereva ameshika usukani, injini inanguruma. Unalipa, unajikunja, unaingia. Mlango ukifungwa tu, jamaa wa mbele anakumbuka anadai chenji yake dukani, anashuka. Wawili wa nyuma wanamfuata kumsindikiza. Kijana wa dirishani anasema anakwenda msalani na haonekani tena mpaka umwone kwenye Noah ya jirani, amekaa dirishani vilevile. Injini inazimwa. Mnabaki wewe, bibi mmoja na ndoo ya mafuta ya kula.

“Konda, tunaondoka saa ngapi?”

“Sasa hivi, mzee. Tunamsubiri mtu mmoja.”

Dawa yake nimeipata, nawapa bure. Kabla hujalipa usihesabu vichwa, hesabu mizigo. Kijana asiye na hata mfuko wa nailoni, amekaa kiti kizuri, anacheka na konda, huyo ni chambo. Mama mwenye mtoto mgongoni, ndala mkononi, amesharidhika na maisha, huyo ni abiria. Mwenye bati ni abiria. Na ukiona gari lina mtu aliyepakata kuku, lipa haraka ukakae karibu naye, hata akikunyea kiatu. Bado sijamwona mpiga debe aliyeazima kuku.