Bundi na Binti Mnana

Ukingoni mwa mto Sosiani, katika nyanda za juu ambako asubuhi za mwezi wa saba humfanya hata jogoo awike akiwa amejikunyata, palikuwa na milki ya ndege iliyosifika kwa mambo mawili: ngano yake na Mbuni wake. Ngano aliijua kila aliyewahi kupita Eldoret wakati wa mavuno. Mbuni nao, ambao Mola aliwanyima kuruka akawafidia kwa miguu, walikuwa na desturi ya kwenda nchi za watu, kushindana mbio na viumbe wa huko, kuwashinda, kisha kurudi na nafaka nyingi isiyoenea katika kiota cha kawaida, ikawabidi kujenga viota vya ghorofa katikati ya mji. Siku ya kurudi kwao mabibi wa milki walikwenda kuwalaki uwanjani na kibuyu cha mursik, na mshindi akapiga funda mbele ya kadamnasi, majivu ya maziwa yale yakamkaa mdomoni, na kila kinda aliyekuwa akitazama akala yamini kimoyomoyo kwamba naye siku moja atakinywea kibuyu kile.

Katika mtaa wa West Indies, ulioitwa kwa jina la visiwa ambavyo wengi wa wakazi wake hawakupata kuviona hata ndotoni, uliishi ukoo wa Mnana, wale ndege wa manjano wasukao viota vinavyoning'inia. Mzee Mnana alikuwa fundi. Mama Mnana alikuwa mkaguzi. Maana ndivyo ilivyo ada ya ukoo huo: dume husuka, jike huja akavuta kila unyasi na kupekua kila fundo, na asiporidhika kiota hubomolewa kikaanzwa upya bila kinyongo. Mzee Mnana alikwisha kubomoa viota vinne kwa amri ya mkewe, na hakuna jirani aliyemcheka, kwa kuwa wote yaliwakuta hayo hayo. Nakuomba msomaji uiweke ada hii akilini, kwa sababu mwaka ule ililala usingizi.

Mtawala wa milki alikuwa Korongo. Alitembea mashambani hatua moja moja, shingo imenyooka, akisimama kwa mguu mmoja muda mrefu hata raia wakaamini anawaza mambo ya nchi, ingawa vyura wa kando ya Sosiani walikuwa na maoni yao. Siku moja akaitisha baraza, akatangaza neema: Kaskazini ya mbali, kwenye nchi ya maziwa yasiyohesabika, kuna shule zinazowataka makinda wa milki hii. Kila mzazi alete nafaka ya karo katika Ghala la Pamoja. Ghala litaipeleka Kaskazini. Kinda atasoma, atafanya kazi, atarudi Mbuni. Na wazazi wasiwe na shaka, akasema huku akibadilisha mguu, kwa sababu mdhamini ni yeye mwenyewe.

Wazee walitikisa vichwa kwa ridhaa, nao walikuwa na sababu. Waliukumbuka mwaka wa 1959, ndege 81 walipopakiwa pamoja wakavushwa bahari kwenda kusoma upande wa pili wa dunia, na katika wao na wale waliowafuata wakatoka walioshika nguzo za nchi. Njiwa mmoja mkongwe, ambaye hakuwa na kinda wala cheo, akathubutu kusema kwamba safari ile ya kale nafaka ilitoka kwa wafadhili ikaenda kwa makinda, na hii ya sasa inatoka kwa makinda ikienda pahali ambapo yeye bado hajapaona. Kisha akauliza ghala hilo lina funguo ngapi na zinashikwa na nani. Akaambiwa aache wivu. Njiwa akaacha wivu, akarudi kwake.

Ikaanza kazi ya kukusanya. Kuna aliyeuza akiba ya misimu miwili. Kuna aliyeuza tawi la mti alilorithi kwa babu, tawi lenye kivuli, akahamia kwenye ua wa michongoma. Kuna ukoo uliokopa kwa koo saba na kuandika deni la punje kwenye gome la mti ili wajukuu walikute. Mlangoni mwa ghala alikaa Kunguru, karani, akipokea bila kuinua macho, na kila aliyemwaga nafaka yake alipewa unyoya mmoja mweusi uwe ushahidi. Mama Mnana, yule asiyelala kwenye kiota kabla ya kuvuta unyasi wa mwisho, alimwaga jasho la miaka yote ya ukoo wake katika ghala ambalo hakulipekua fundo hata moja, akaupokea unyoya, akaubusu, akauficha chini ya godoro la sufi. Kupekua ghala la Korongo kungekuwa utovu wa adabu.

Sherehe ya kuwaaga ilifana kuliko mavuno. Makinda waliitwa mapema kwa mafunzo ya safari, na mafunzo yakachukua siku nzima: namna ya kusimama nyuma ya Korongo wakati wa kupigwa picha, namna ya kupunga bawa, na wimbo wa shukrani wenye beti nyingi ambamo jina la mtawala lilirudi katika kila kituo. Juu ya baridi hakusema mtu. Kisha likatendeka jambo ambalo Mbuni waliokuwepo walitazamana kwa kulishangaa: kikaletwa kibuyu cha mursik, wakanyweshwa makinda waliokuwa bado hawajakanyaga hata njia. Kinywaji cha anayerudi na ushindi kikawa kinywaji cha anayeondoka na mkopo, na umati ukashangilia kana kwamba mbio zimekwisha kukimbiwa. Mbuni mmoja alitaka kusimama aseme namna mtu anavyojifunza kukimbia juu ya theluji, lakini ratiba ilikuwa imejaa.

Wakabebwa mgongoni mwa Ndege wa Chuma, asiye na damu wala huruma lakini anayeijua njia. Walipokuwa juu ya jangwa kubwa wakakutana na kundi la Mbayuwayu likishuka kusini. Hawa ni wageni wa kila mwaka wa Sosiani: huzaliwa Kaskazini kwenye mapaa ya mazizi, huja kwetu yapata mwezi wa tisa na wa kumi, hula wadudu wa mashamba yetu, na mvua za masika zinapoanza hurejea kwao. Uzito wa mmoja hauzidi sana gramu 20, na maelfu ya kilomita huyakata bila mdhamini. Vizazi na vizazi vimepita juu ya baraza la Korongo, wala hajawahi mtu kuwaita washuke waulizwe neno.

"Mwaenda wapi, watoto?" akauliza Mbayuwayu kikongwe.

"Kwenu, babu."

"Kupita au kukaa?"

"Kukaa. Miaka mitatu na nusu."

Kikongwe akaruka kimya kidogo. "Katika ukoo wangu," akasema, "hakuna aliyewahi kuiona theluji ya kule. Na sisi ndio wenyeji."

Binti Mnana aliyakumbuka maneno hayo katika mwezi wa kumi na mbili, jua lilipochomoza likiwa limechoka, likatambaa juu ya misonobari kwa saa tano hivi, likazama. Nchi yenyewe ilikuwa nzuri, haki yake ipewe: maziwa yake yanapita 180,000, maji ya kunywa safi, njia zimefagiwa, wala hakuna anayempiga kumbo mwenziwe. Ila ndege wa kule walikaa tawini kila mmoja mbali na mwenzake, umbali wa bawa lililokunjuliwa. Siku ya kwanza Binti, aliyelelewa katika mti wenye viota arobaini vinavyopigiana kelele, alijisogeza karibu na ndege mmoja wa kijivu akamjulia hali, habari za nyumbani, za wazazi, za mashamba; yule ndege akatazama huku na huku kutafuta hatari iliyomfanya mgeni huyu aongee, akahama tawi. Binti alilia. Ilimchukua miezi kuelewa kwamba kuachiwa nafasi ndiyo heshima ya huko, na kwamba anayenyamaza nawe kwa raha amekwisha kukukubali.

Alijifunza na mengine. Alijifunza kutembea juu ya barafu: hatua fupi, kifua mbele, na kufuata mstari wa kokoto zinazomwagwa njiani ili miguu ishike. Alijifunza kuingia katika kile kibanda cha mvuke ambamo wenyeji hujichemsha kwa hiari kisha wakatoka wakajitumbukiza katika tundu la barafu ziwani, wakarudi wamechangamka, na hapo tu ndipo aliposikia wakicheka. Tena alijifunza kazi ya usiku. Saa tisa, shule ikiwa bado imelala, alibeba furushi la magazeti, akapanda hadi ghorofa ya juu kabisa, akashuka ngazi akipachika gazeti moja moja katika tundu la kila mlango, na taa za ngazini, ambazo huwaka zikihisi mtu na kuzima zikimsahau, mara nyingi zilimsahau kati ya ghorofa ya tatu na ya pili.

Nyumbani alipeleka salamu nyingine. Upepo ulichukua picha yake akiwa mbele ya kiota cha kioo kisicho chake, bawa kiunoni, theluji ikimwagika kwa mapambo. Na West Indies yote ikaizungusha picha ile, jirani aliyekuwa bado hajauza tawi akaliuza. Neno moja tu la kweli lilimponyoka.

"Mama, mwalimu wetu ni Bundi."

Kimya kikapita. "Bundi?" akasema Mama Mnana kwa sauti ya chini, maana jina hilo halitajwi penye watoto. "Bundi yupi, mwanangu? Yule yule?"

"Yule yule, mama."

"Analia mchana au usiku?"

"Huku mchana na usiku ni kitu kimoja."

Mama Mnana akawaamsha wazee, wakafukiza ubani, wakanyunyiza maji kiambazani, kwa kuwa kila mtu anajua Bundi akitua penye nyumba hatui bure. Kumbe Bundi yule alikuwa kiumbe wa maandishi. Kila alichosema alikiandika, kila alichoandika alikitia tarehe, na Binti alipomwita Mzee Bundi kwa adabu ya kwao alimjibu, "Mimi ni Bundi tu." Hakumpenda mtu waziwazi wala hakumchukia mtu. Na siku alipomwita Binti ofisini hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Binti kuliko yote. Alimfungulia ukurasa akamwonyesha kwa ukucha: karo ya muhula uliopita haijafika; karo ya muhula huu haijafika; barua kwa Ghala la Pamoja zimeandikwa, tarehe hizi hapa; majibu ni ahadi, tarehe hizi hapa. Sheria ya nchi inasema asiyekuwa mwanafunzi hana tawi.

"Lakini mdhamini wetu ni Korongo," akasema Binti.

Bundi akaligeuza shingo lake lote, akatafuta katika daftari. "Hiyo," akauliza, "ni aina gani ya malipo?"

Habari zikarudi Sosiani kwa makundi, na wazazi wakafurika mbele ya ghala, kila mmoja na unyoya wake. Ghala likafunguliwa. Zilizotajwa kuwa ziliingia ni punje bilioni 1.1, zilizoonekana ni chache, na vumbi. Korongo wa zamani alikuwa amekwisha kuhamia mti mrefu zaidi, akasema kazi yake ilikuwa kubariki. Korongo mpya akasema alilikuta ghala kama lilivyo. Kunguru alipoonyeshwa manyoya yale meusi alijitazama bawa na kusema kwamba manyoya hudondoka kila siku, na asingeweza kuapia kila moja. Wazazi wakaimba barabarani, safari hii wimbo usio na jina la mtu. Shauri likafika kwa Kipanga, hakimu, ambaye alilisikiliza, akaliahirisha, akalisikiliza tena. Kama zile punje ziliibwa, zilipotea njiani au zilihesabiwa vibaya, hilo ni lake kuamua, na mimi msimulizi sina haraka kuliko yeye.

Makinda wengine walirudishwa. Walishuka uwanjani alfajiri, mmoja mmoja, wakapita kando ya ukuta, wala hapakuwa na kibuyu. Wengine walikaa, wakaomba kulipa kidogo kidogo, wakalala wanne katika kiota cha mmoja. Binti Mnana alikuwa miongoni mwa hao. Aliongeza majengo mawili kwenye njia yake ya magazeti, akapeleka kwa Bundi nafaka ya jasho lake kila mwisho wa mwezi, na kila mara Bundi akampa kikaratasi chenye kiasi, tarehe na sahihi, hata kama ni punje tano. Alivihifadhi vyote.

Miaka miwili baadaye ikamfikia barua yenye muhuri wa milki. Baraza lilimpongeza, likimwita balozi wetu wa Kaskazini, likamweleza kwa fahari kwamba neema mpya imepatikana, nchi nyingine, yenye baridi kidogo zaidi, na makinda wa awamu ya pili wako tayari; kuna harambee ya kuwaaga, na yeye kwa kuwa yuko ng'ambo amewekewa kiasi cha kuanzia. Nafaka ipitie Ghala la Pamoja, ambalo limepakwa rangi.

Binti aliisoma ngazini, gazeti la mwisho mkononi. Alimpa jibu Mbayuwayu aliyekuwa akiondoka na baridi, naye akalifikisha Sosiani mwezi wa kumi. Lilikuwa na mstari mmoja: *Nitumieni risiti kwanza, na isiwe unyoya.* Kunguru aliusoma mara mbili mbele ya baraza, akauliza kwa uchungu ni nani aliyemfundisha mtoto wa watu maneno makali namna hiyo, akaambiwa ni Bundi. Na wazee wote wakatikisa vichwa, wakasema si waliyanena hayo tangu mwanzo.