Ombi la Mwongozo wa Kuanguka Kazini

Wakurugenzi Watendaji Wote,
Maofisi ya Vioo, Ghorofa ya Nne kwenda Juu,
Dar es Salaam.

YAH: MTUMISHI KUSIMAMA MOYO NDANI YA SAA ZA KAZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mtumishi mtiifu katika mojawapo ya maofisi yenu. Jina la kampuni nalificha, maana mkopo wangu wa benki bado unategemea barua ya mwajiri. Nimekisoma kitabu cha kanuni za utumishi chote, pamoja na kurasa ambazo nina hakika hata aliyekiandika hajawahi kuzirudia. Nimekuta kanuni ya tai, kanuni ya kuegesha gari, kanuni ya kutopasha samaki kwenye maikrowevu, na kanuni ya ruhusa ya msiba yenye madaraja ya ndugu: mzazi siku nne, shangazi utajijua mwenyewe. Ninachokitafuta sijakiona. Moyo wa mtumishi ukisimama ghafla, tuseme saa nne asubuhi, baada ya chai na kabla ya kikao, afuate utaratibu gani ili asivuruge ratiba?

Sisemi hakuna maandalizi. Sanduku la huduma ya kwanza lipo mapokezi, jeupe, lina msalaba, limepigiliwa ukutani juu kidogo ya pale unapoishia mkono wa mtu wa kimo cha kawaida. Lina kufuli. Ufunguo anao dada wa utawala, na dada wa utawala yuko likizo ya uzazi, Mungu amjalie. Waliowahi kuliona likiwa wazi wanasimulia kwamba ndani mna bandeji iliyobadilika rangi, chupa ya spiriti iliyokauka yenyewe, alama ya mahali ulipokuwa mkasi kabla idara ya masoko haijauazima, na karatasi safi kabisa yenye orodha ya vitu vinavyotakiwa kuwamo. Panadol huisha kila Jumatatu, kwa sababu tunazozifahamu sote.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awe na huduma ya kwanza, nanyi mnaitii kwa namna yenu. Siku mkaguzi anapotarajiwa, ufunguo hupatikana alfajiri, pamba mpya huingia, na mtungi wa zimamoto hufutwa vumbi hadi ukaonekana kuwa kumbe ni mwekundu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo: kama itawezekana, kuanguka kwangu kupangwe siku ya ukaguzi.

Ipo pia orodha ya watoa huduma ya kwanza, kando ya lifti, tena yenye picha. Mmoja amestaafu. Wa pili kahamishiwa Mwanza. Wa tatu alikwenda kwa washindani wetu, na picha yake mmeiacha nadhani kwa sababu alitoka vizuri. Aliyebaki ni mhasibu, ambaye mtu akitokwa damu puani yeye ndiye hulazwa kwenye sofa. Mafunzo yao yalifana sana: bango, mgeni rasmi, bahasha, kuku. Mwanasesere wa kufanyia mazoezi alikuwa mmoja, na katika picha zote watu wanamtazama kwa heshima.

Sasa niruhusuni niseme machache kuhusu moyo wenyewe, kwa kuwa naona mnauchukulia kama mzabuni anayeweza kusubiri malipo siku tisini. Moyo unaosimama ghafla mara nyingi huwa haujatulia. Unatetemeka ovyo, bila kusukuma damu. Mshtuko wa umeme unaweza kuurudisha kwenye mwendo wake. Lakini kila dakika inayopita bila mshtuko huo, na bila mtu wa kumkandamiza mgonjwa kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Ninyi ni watu wa asilimia, hesabu hiyo mtaimaliza wenyewe. Muhimbili ipo, na pale ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete yenye mabingwa wake, na kunguru akiruka moja kwa moja, si mbali. Kwa gari, saa kumi na moja jioni, dakika kumi zinaweza kuishia kwenye taa za barabarani za makutano ya Morocco. Na hapo sijahesabu muda wa kuisubiri lifti.

Katika dakika hizo kumi najua hasa nitafanyiwa nini, maana nimeona waliotangulia. Nitamwagiwa maji ya kunywa ya ofisi. Nitapepewa kwa faili. Mtu mmoja atasema "mpeni hewa" na wote watasogea karibu zaidi. Mwingine atasema ni presha, mwingine atasema nichunguzwe kwetu kijijini. Kijana wa teknolojia atarekodi. Nikianza kukoroma na kuvuta pumzi kwa kukata-kata, watafurahi na kusema "anapumua huyo, mwacheni apumzike", ilhali mkoromo ule ni dalili ya kawaida ya moyo uliokwisha kusimama. Sitawalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nimesoma kwamba kuna mahali pa kazi ambapo mambo haya yamefanyiwa kazi, na ajabu ni mahali penyewe. Ni majumba ya kamari huko Marekani, yakiwemo ya Las Vegas, Nevada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliangalia watu walioanguka humo kwa moyo kusimama na kuhudumiwa na walinzi. Si madaktari, ni walinzi wa kawaida waliofundishwa kukandamiza kifua na kutumia difibrileta, ile mashine ndogo ya kushtua moyo. Waliopata mshtuko ndani ya dakika tatu tangu waanguke, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Waliocheleweshwa kupita dakika tatu, asilimia 49.

Yaani mtu anayepoteza fedha zake kwa makusudi huko Nevada ana matumaini kuliko mhasibu anayewatunzia zenu. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba majumba yale hayakuwa na vitu vingi tusivyokuwa navyo. Kamera wanazo, nasi tunazo, hata ngazini. Zetu zina kazi ya kuhakikisha nani kaingia saa mbili na dakika moja. Walinzi wanao, nasi tunao, tena usiku na mchana.

Lakini walinzi wetu si "wafanyakazi". Ni wa kampuni nyingine, chini ya mkataba, kwa hiyo hawakualikwa kwenye yale mafunzo ya kuku. Mama wa usafi naye ni wa mkataba. Kijana wa maji, vivyo hivyo. Na nikiitazama siku yangu, naona hao ndio watakaonikuta sakafuni. Mama wa usafi ndiye anayeingia chooni kila baada ya saa. Mlinzi ndiye anayezunguka ghorofa jioni, ninyi mkiwa mmekwisha kwenda kwenye vikao vya nyama choma. Mhasibu wa kwenye picha atakuja mwisho, nami nitalazimika kumpisha sofa. Mmewafundisha wasiokuwepo, mkawaacha waliopo kwa sababu mishahara yao inatoka dirisha lingine.

Najua majibu yenu kuhusu ile mashine ya kushtua moyo, nimeyasikia yakitolewa. Kwanza ni ghali. Huko zinakouzwa kwa wingi, ni dola 1,000 hadi 2,000 hivi. Sitaki kuzungumzia viti vya chumba cha bodi, ambavyo sijawahi kuvikalia. Pili, itahitaji daktari. Haihitaji. Inaongea yenyewe: inakuelekeza bandika hapa, usimguse, kandamiza; inapima mapigo, na isipoona aina ya mtetemo inayotibika kwa umeme, inakataa kutoa mshtuko hata ukiibembeleza. Hofu kwamba fundi umeme ataitumia kumwadhibu karani haina msingi. Ikiwa hofu ni kwamba itaongea Kiingereza, basi mlinzi afundishwe maneno yale machache. Ameshayajua mengi zaidi kwa kuwasikiliza ninyi kwenye simu. Tatu, ni kubwa, haina pa kukaa. Hii ingekuwa hoja mwaka 1965, pale daktari Frank Pantridge wa Belfast alipounda ya kwanza ya kubebeka kwenye gari la wagonjwa, yenye uzito wa kilo 70 hivi, ikiendeshwa kwa betri za gari. Ya leo inaingia kwenye mkoba wa laptopu.

Ninyi ni watu wa mpira, nitumie mpira. Juni 2003, Lyon, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani katika nusu fainali ya Kombe la Mabara na hakuamka tena. Juni 2021, Copenhagen, Christian Eriksen alianguka kwenye mechi ya Denmark na Finland, akakandamizwa kifua palepale nyasini, akapigwa mshtuko, akazinduka. Mwaka uliofuata alikuwa Kombe la Dunia, Qatar. Mlilia ofisini, mkasema wazungu wamejipanga. Kesho yake zabuni ya mashine ya kahawa ikapitishwa.

Hata hivyo, waheshimiwa, msikimbilie kununua. Nawafahamu. Mashine itazinduliwa kwa utepe, itabandikwa namba ya mali ya kampuni, halafu itafungiwa ofisini kwa mkurugenzi isije ikaibwa, na mkurugenzi atasafiri. Betri yake itakufa kimya kimya na zile pedi za kubandika kifuani zitapita muda wake, maana zote zina tarehe. Mtanunua sanduku la pili la ukutani, ghali kuliko la kwanza. Afadhali muanze na kitu ambacho hakina zabuni, nacho ni mikono. Kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuona haya na bila kusubiri idhini ya mkuu wa idara. Mama wa usafi ana mikono ya kazi hiyo kuliko mtu yeyote wa ghorofa yangu. Mafunzo ni ya siku moja. Kuku si lazima.

Na fedha zipo. Nasema hivyo kwa ushahidi, kwa kuwa hakuna taasisi yenye utayari wa dharura kama yetu mtu akishakufa. Ndani ya nusu saa kundi la WhatsApp linafunguliwa na jina la marehemu linaandikwa bila kosa, hata kama kwenye hati ya mshahara lilikosewa miaka yote. Mweka hazina anapatikana hata akiwa likizo. Coaster mbili zinakodiwa, picha ya fremu inachapwa, daftari la rambirambi linawekwa mapokezi, chini kabisa ya lile sanduku lenye kufuli. Namba ya kutuma michango inazunguka ghorofa zote kabla mgonjwa mwenyewe hajavuka Morocco.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, rambirambi yangu nilipwe mapema. Mchango wa kampuni, michango ya idara, gharama za Coaster zote mbili, fremu, na lile shada ambalo huwa mnaagiza kubwa kupita la familia. Zote zielekezwe kwenye mashine moja isiyofungiwa na siku moja ya mafunzo kwa kila anayelala, anayelinda, anayefagia au anayepita katika jengo hili. Niko tayari kusaini fomu ya kukiri kwamba nimeshapokea, na kwamba siku yangu ikifika sitadai tena. Wenzangu kadhaa wa ghorofa ya tisa nao wako tayari kusaini, isipokuwa mmoja anayesisitiza shada lake libaki.

Naomba kuwasilisha.

Mtumishi Mtiifu,
Ghorofa ya Tisa, meza iliyo mbali na lifti.

Nakala:
Afisa Utumishi: kwa taarifa.
Mwenyekiti, Kamati ya Rambirambi: kwa taarifa na marejesho.
Mlinzi wa zamu, lango kuu: kwa utekelezaji.