Daftari la Mwenye Nyumba

Miaka tisa tuliyopanga Sinza, kila kilichoharibika kilikuwa na mwenyewe. Bomba likivuja, mwenye nyumba. Panya wakicheza ngoma darini, mwenye nyumba. Hata mtoto wetu wa pili alipofeli hesabu, nakumbuka nilisema ni ile taa ya sebuleni, inafifia na mwenye nyumba hataki kubadili waya. Mke wangu ni mtu wa kumbukumbu. Alikuwa na daftari la jalada la bluu ambamo aliandika madai yote kwa tarehe, ili siku ya kulipa kodi ya miezi sita nisimame mbele ya mzee wa watu nikiwa na hoja mkononi. Nilisimama mara kumi na nane. Mara kumi na nane nililipa, nikarudi na daftari langu kwapani.

Jumamosi ya tarehe 6 Januari 2024 tukahamia kwetu, Chanika. Ninaposema kwetu nina maana ya kuta, bati, grili za madirisha na mlango mmoja wa mbele. Waliowahi kuhamia saiti wananielewa: unaingia kwenye pagale ili ile kodi igeuke saruji. Vyombo vilikwenda kwa kirikuu mbili. Dereva wa ya pili alisimamisha gari, akaitazama nyumba, akanitazama mimi.

"Bosi, tunashusha wapi?"

"Hapa."

"Hapa hapa?"

Usiku ule, watoto wamelala kwenye magodoro yaliyozungukwa na mifuko ya saruji, mke wangu alichomoa daftari la bluu kwenye beseni la vyombo. Akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa siku zote: *Kwa Mwenye Nyumba. 1. Bafu halina mlango.* Kisha akanisogezea nisome. Halafu akafunga khanga yake kwenye kamba pale mlango ulipotakiwa kuwa, akaenda kulala.

Umeme hatukuwa nao, lakini mwanzoni hilo halikutuaibisha, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa kwenye mgao. Ndugu wa mjini walikuwa gizani kama sisi, na kwenye giza pagale na ghorofa ni kitu kimoja. Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, ukaingizwa kwenye gridi. Taifa likashangilia. Mimi nilishangilia kidogo, maana mgao ulipopungua nilibaki na giza langu peke yangu.

Kuunganishiwa umeme kijijini kulikuwa kwa shilingi 27,000, mjini kwa 320,960. Kwa hiyo kwenye benchi la muuza kahawa mjadala ukawa mmoja tu mwaka mzima: sisi ni mji au ni kijiji? Watu ambao harusini hujitambulisha kuwa ni wa Dar es Salaam waliapa kwamba wanaishi shamba. Mzee mmoja alitoa ushahidi kwamba asubuhi ile ameona kenge akivuka njia, na mjini hakuna kenge. Hoja ya kenge haikufua dafu. Tulilipa bei ya mjini, tukakaa kusubiri nguzo kwa mwendo wa kijijini.

Aprili akaja mama mkwe kutoka Muheza, wiki mbili tu, kuiona nyumba ya mwanawe. Alishuka na gunia la machungwa, jiko la mkaa, jogoo mmoja na matetea watatu. Mtu wa wiki mbili haji na matetea, lakini mkwe hahesabu mizigo ya mkwe. Alikuta mvua za Aprili zimelijaza shimo la choo. Juu ya shimo hilo nitasema tu kwamba jirani wa upande wa bondeni bado tunasalimiana.

Sasa, paa.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei redio zote zilikuwa zinatangaza Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zimesimama, watu wanaambiwa wachukue tahadhari. Mtaani kwetu tahadhari ni kupandisha mawe na matairi chakavu juu ya bati. Nami nikaazima ngazi ya fundi, nikavaa bukta kuukuu, nikapanda. Nilipanga matairi manne upande wa mbele, nikavuka kwenda upande wa nyuma, nikapigilia misumari miwili. Niliporudi mbele, ngazi haikuwepo.

Kijana wa fundi alikuwa ameifuata. Aliita, hakusikia mtu juu, akadhani nimemaliza. Mama mkwe alikuwa barazani, akamsaidia kuitoa, akampa na machungwa matatu ya njiani.

Mke wangu alikuwa sokoni na watoto shuleni. Simu yangu ilikuwa ndani, naisikia inaita. Upepo umeshaanza kubeba mchanga. Na hapo ndipo lilipokuja tatizo ambalo mamlaka ya hali ya hewa haikulitolea tahadhari: mkwe haonyeshwi mapaja, nami nilikuwa juu, kwenye bukta, na yeye chini. Mama yule ni mtu wa adabu. Alifungua mwavuli, akanipa mgongo, akaugeukia mwembe.

"Mwembe," akasema kwa sauti, "mwambie mkwe wangu asiruke. Ana watoto."

"Nimesikia, mama."

"Mwembe, mwambie ateremkie kwenye simtanki, ni karibu."

Ilikuwa karibu kweli. Simtanki yetu ya lita 1,000 ilikaa juu ya mnara wa tofali pembeni mwa nyumba, na asubuhi ile ile ilikuwa imejazwa na boza, kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya mlango wa bafuni. Nilijishusha kwa tumbo, nikaning'inia kwenye kenchi, nikatafuta mfuniko kwa kidole gumba cha mguu. Nikaupata. Nikauamini. Mguu wa kulia ukazama mpaka kwenye nyonga, wa kushoto ukabaki nje unapiga teke hewani, na mimi nikawa nimekaa juu ya maji ya familia kama mtu aliyepanda punda.

"Mwembe," akauliza mama mkwe, bado amenipa mgongo, "ameshashuka?"

Kimbunga kiliingia upande wa Mafia Jumamosi, na walioonja ukali wake ni wa huko na wa pwani ya kusini, kwa hiyo mimi si mtu wa kulalamika. Kwetu kilichukua kamba moja ya nguo. Hasara iliyobaki ilikuwa mfuniko na heshima yangu. Mke wangu aliandika: *27. Mfuniko wa simtanki umevunjwa na mwenye nyumba mwenyewe.* Maji yale tulioshea vyombo siku nne, na watoto walikataa katakata kuyapigia mswaki.

Siku tano baadaye, tarehe 8 Mei, Rais alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika bila kuni wala mkaa. Mke wangu, aliyekuwa na mtungi mpya wa gesi na mama mzazi asiyeutaka kuuona, alipandisha sauti ya redio makusudi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho huku akipepea jiko lake. Akasema vizuri sana, serikali imefanya kazi, na yeye yumo kwenye hiyo ishirini iliyobaki. Hakusema lini anarudi. Khanga ya mke wangu bafuni ilikuwa imechakaa, akatoa ya kwake tuitundike. Juni treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro, akatangaza kwamba haondoki Dar kabla ya kuipanda, ingawa haiendi Muheza.

Umeme wetu uliwaka Agosti, saa moja usiku. Nilidhani ni furaha. Miezi saba tulikuwa tumeishi kwa taa ya sola yenye ukubwa wa kisahani, na kwa mwanga ule kuta zangu zilikuwa nzuri. Taa kubwa ilipowaka tuliiona nyumba kwa mara ya kwanza. Plasta ilikuwa na mawimbi. Ufa ulishuka kutoka kwenye lenta mpaka nyuma ya kabati. Na pembeni ya gunia la mkaa, amejilaza mnene, alikuwepo kenge aliyekuwa akituchukulia mayai tangu Mei, wakati sisi tukimsingizia mtoto wa jirani. Mama mkwe alimtoa kwa mwiko wa ugali. Mke wangu hakulala. Usiku huo mmoja daftari liliongezeka madai kumi na manne.

Novemba, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa, mgombea mmoja alipiga hodi akauliza kama mwenye nyumba yupo. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Watoto walininyooshea kidole.

Desemba nilikwenda Sinza kumsalimia mzee wetu. Nilimkuta barazani, mpangaji mpya ndiyo kwanza anaondoka, na uso wa yule mpangaji niliufahamu, nimewahi kuuvaa. Nilimwamkia, tukanywa chai. Nikamuuliza, kwa heshima zote, miaka ile tisa nilipokuwa namsomea daftari, yeye alikuwa akifanya nini.

"Unamsikiliza mtu mpaka amalize," akasema. "Hukatishi. Halafu unamwambia fundi atakuja Jumatatu."

Tarehe 31 usiku mke wangu alijumlisha: madai sitini na matatu, yaliyofutwa ishirini na tisa. Namba moja iko pale pale. Khanga iliyotundikwa bafuni ni ya mama mkwe, na mama mkwe anasema hawezi kurudi Muheza bila khanga yake.

Fundi atakuja Jumatatu.