Toa Maoni, Upate Bando

Simu ya Bando, kijana wa bodaboda, ililia kabla hajakaa vizuri kwenye benchi. Akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Hongera! Toa maoni yako kuhusu huduma za jamii ujishindie GB 10 bure. Bofya hapa."

"Usibofye!" Mama Migebuka alimaka, nusura apindue ndoo ya samaki wake wa Karema. "Hao ni jirani zetu."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Hapa karibu na stesheni ya Mpanda, neno "jirani" halihitaji ufafanuzi. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimeutaja mara kwa mara Mkoa wa Rukwa, sambamba na Morogoro, kuwa kinara wa majaribio ya utapeli wa simu, na Katavi yenyewe ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

"Mkoa tuligawana," alisema Mzee Reli, mstaafu aliyemaliza ujana wake kwenye njia ya Kaliua, "lakini meseji zao bado zinatutembelea. Juzi nimeambiwa ile kodi ya nyumba niitume kwenye namba hii. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe!"

Bwana Posho hakucheka. Huyu ndiye yule ambaye kila semina ikitajwa mjini yeye tayari ana begi lake, kalamu yake na sahihi yake kwenye karatasi ya mahudhurio. "Mnamcheka kijana bure," alisema. "Tapeli amewazidi akili viongozi wenu. Kajua kwamba Mtanzania haitwi mikono mitupu. Mtendaji anaita mkutano, wanakuja wazee watano na mbuzi mmoja. Angetangaza kila atakayetoa maoni kwa simu atapewa bando, foleni ingefika Makanyagio."

"Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba kwenye Sensa ya 2022," alidakia Mwalimu Takwimu, "sikugawa hata peremende. Na watu walijitokeza. Mwaka 2012 Katavi tulikuwa 564,604. Safari hii tukafika 1,152,958. Tumejizidisha mara mbili na chenji."

"Agosti 23 ilikuwa siku ya mapumziko, Mwalimu," Mama Migebuka alimkumbusha. "Kumweka mtu nyumbani na mshahara wake unasoma, hiyo siyo zawadi?"

"Na hicho kishikwambi ulichokumbatia?" aliongeza Bwana Posho. "Kilikuwa cha sensa, kikaishia kwa walimu. Kumbe mhesabuji ndiye aliyekula bando, mhesabiwa kaambulia chaki mlangoni!"

Mwalimu alimeza kahawa na dharau kwa pamoja, kisha akaja na mfano ambao kijiwe kiliukalia kwa muda mrefu. Mwaka 2013 taasisi ya Twaweza ilizindua utafiti uitwao Sauti za Wananchi. Ilichagua kaya zipatazo 2,000 za Tanzania Bara, ikawafuata watu hadi makwao, ikawakabidhi wahojiwa simu na chaja ya sola, halafu ikawa inawapigia kuwauliza kuhusu maji, shule na zahanati. Mtu akijibu, anawekewa salio kidogo.

"Chaja ya sola!" Mama Migebuka alipiga kofi. "Hao walifikiri. Mtu wa ndani kule Mishamo simu imezima tangu asubuhi, wewe unamwahidi GB 10. Aziweke wapi, kwenye mfuko wa shati?"

"Hiyo haikuwa posho," alisema Mzee Reli. "Ni waranti. Sisi tulipewa waranti ya treni ili tufike kazini. Hakuna aliyepewa waranti ili aipende kazi."

Kwa hilo mzee alimaliza mjadala wa nusu saa. Anayemrudishia mwananchi gharama ya kuzungumza ni mbali na anayeyanunua mazungumzo yenyewe. Lakini Bando, ambaye bodaboda imemfundisha kukagua noti pande zote mbili, hakuridhika. Aliyepewa simu ya bure, aliuliza, si atamsifia kila mkubwa ili asinyang'anywe?

"Mbona mwaka 2018 hawakusifia?" Mwalimu alishusha sauti. Julai mwaka ule utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliokuwa wakikubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, wakati mwaka 2016 walikuwa 96. Costech, tume ya sayansi na teknolojia, ikaiandikia Twaweza barua ya kuhoji kibali. Mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akashikiliwa pasipoti.

Benchi lilipoa. Mzee Reli aliagiza kahawa nyingine ingawa kikombe chake kilikuwa kimejaa.

"Kwa hiyo aliyejibu kapata salio," alisema Bwana Posho polepole, "aliyeuliza kapata barua. Hiyo biashara siifanyi."

Akahamishia hoja Rwanda, ambako aliamini atashinda. Na kweli, tangu mwaka 2024 mamlaka ya mapato ya kule humrudishia mnunuzi wa mwisho asilimia 10 ya VAT iliyo kwenye risiti ya kielektroniki aliyoidai. Mwalimu alipiga hesabu kwenye kishikwambi: bidhaa ya faranga 118,000 ina VAT ya 18,000, mnunuzi anarudishiwa 1,800. Mwananchi anageuka mkaguzi wa kodi bila kuvaa tai.

"Uganda walikwenda kinyumenyume," alisema Bando. Kuanzia Julai 1, 2018, kuingia Facebook au WhatsApp kulitozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Watu wakakimbilia VPN. Mwaka 2021 tozo hiyo ikafutwa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. "Yaani unalipia kwanza mdomo, ndiyo uongee."

Mama Migebuka alikuwa ameshafunika ndoo. "Sikilizeni, wanangu. Maoni ya Dira ya Taifa 2050 yalikusanywa kwa simu, kwa mtandao na kwenye kaya, tukaambiwa waliotoa ni zaidi ya milioni moja. Rais akaizindua Dodoma, Julai 17, 2025. Sawa. Mimi sidai GB. Nataka siku moja simu ilie, iniambie: Mama, ulilosema kuhusu barabara ya Karema tumelifikisha kwa fulani, na yeye amejibu hivi. Meseji ya namna hiyo hakuna tapeli atakayeiweza, maana hajui nilisema nini."

Bwana Posho alifungua mdomo, akaufunga. Bando naye alikuwa ameshaituma ile meseji ya GB 10, na namba ya aliyeileta, kwenda 15040.

"Na huko wanakupa nini?" Bwana Posho hakuweza kujizuia.

Kwa msomaji mwenye swali kama lake: 15040 ni namba ya kuripoti matapeli wa simu, na kero za huduma za serikali hupokelewa na mfumo wa e-Mrejesho kupitia *152*00#. Zote mbili haziahidi bando.