Kopo la Maziwa na Fishi ya Parseli

Mume wangu alipofungua kopo la maziwa alikuta vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kadi za chanjo na risiti za mbao. Fishi ya parseli, karatasi ya kiwanja chetu, haikuwemo. Aliuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini: “Mama wa watoto, karatasi iko wapi?”

Mimi ndiye niliyeitoa.

Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji wetu wa Goma, mabenki yalifunga milango, na akiba yetu ndogo ikabaki ndani. Mtoto akaugua. Nikaenda kwa Banque Lambert. Jina ni la benki, lakini benki hakuna: ni mtu tu, anakopesha bila dirisha wala risiti, na Kongo nzima inamjua kwa jina hilo. Alinipa dola 200 kwa riba ya asilimia 30 kila mwezi. Kila nilipompelekea dola 60 zake alizikagua noti moja moja kwenye mwanga, maana hapa kwetu dola yenye kipasuko hata cha ukucha hakuna anayeipokea. Baada ya miezi mitano nilikuwa nimelipa 300, na zile 200 zilikuwa zimesimama palepale. Mume wangu sikumwambia.

Ndipo akaja kijana nadhifu mwenye faili na muhuri. Ofisi yao, alisema, huondoa watu madeni: wao wangemmaliza Lambert, kisha mimi ningewalipa wao polepole kwa miaka miwili. Alitaka dola 40 za kufungua faili, na fishi ya parseli akamwonyeshe mkubwa wake. Nilitazama ule muhuri wa duara, moyo ukatulia. Sikumwomba kibali cha Banque Centrale du Congo, ambacho sheria inakidai kwa kila taasisi ya mikopo midogo. Na yeye hakuniuliza ninauza nini sokoni, wala jioni ninarudi na kiasi gani. Hilo linaniuma kuliko zile dola 40. Mtu aliyekusudia kunisaidia kulipa angeanzaje bila kujua ninachopata?

Nilimweleza mume wangu yote. Chumba cha yule kijana, kwenye mtaa wa Birere, tulikikuta na kufuli. Shefu wa nyumba kumi alizunguka nasi siku tatu, hadi tukampata kijana kwa ndugu zake. Fishi ilirudi, imekunjwa mara nne. Dola 40 hazikurudi.

Mama mkwe hakunigombeza. Jumamosi alinishika mkono akanipeleka kwenye AVEC yao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chini ya mwavokado. “Usiweke hata faranga moja leo,” aliniambia. “Kaa, utazame.” Nikatazama. Kisanduku cha chuma kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu, na hakuna kati yao anayelala nacho nyumbani kwake. Kilipofunguliwa pesa zilihesabiwa kwa sauti, noti kwa noti, mbele yetu sote. Mama mmoja alikuwa amechelewesha deni lake. Walimuuliza biashara ya samaki wa sambaza inaendaje, wakamwongezea mwezi. Nilirudi Jumamosi ya pili kutazama tena kabla ya kununua hisa yangu ya kwanza.

Mwanachama hukopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Mama mkwe alikuwa na hisa za dola 50, akanikopea 150 kwa jina lake, kwa riba ya asilimia 5. Niliuza vitenge vyangu viwili vya harusi na sufuria kubwa, zikatimia 200.

Safari hii kwa Lambert tulikwenda wawili. Alikataa noti moja kwa kipasuko. Mume wangu akatoa nyingine mfukoni mwa shati bila kusema neno, kisha akadai iandikwe kwamba deni limekwisha, akaisoma karatasi mara mbili kwa sauti kabla hatujaondoka.

Kwenye kisanduku bado tunadaiwa dola 90. Jumamosi mama mkwe hunisubiri mlangoni, daftari langu amelishika yeye.